Mwalimu na Maarifa ya Nchi: Nafasi za Walimu wa Mara Kujiendeleza

Katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani kuna tawi la elimu ambalo kazi yake ni kuitazama nchi moja, au kundi la nchi zilizo jirani, kwa pande zake zote pamoja: lugha, historia, mila, uchumi na utawala. Tawi hilo bado halijapata jina moja lililokubaliwa na wote katika Kiswahili. Wako wasemao "taaluma za maeneo", jina ambalo kwa maoni yangu lamfaa mpima ardhi kuliko mwanachuoni. Mimi nitasema "maarifa ya nchi". Shabaha ya makala haya ni kueleza nafasi walizo nazo walimu za kujiendeleza katika maarifa hayo, na hasa kuuliza ni fungu gani linalomfikia mwalimu wa Musoma, wa Bunda au wa Butiama, ambaye nchi yake ni miongoni mwa zile ziendewazo na wengine ili zisomwe.

Asili ya nafasi hizo, kwa namna zijulikanavyo leo, ni hofu. Warusi waliporusha Sputnik angani mwaka 1957, Wamarekani walitambua kwamba hawakuwa na watu wa kutosha wenye kujua lugha na mambo ya mataifa mengine. Mwaka uliofuata Baraza lao likapitisha sheria ya kugharimia vyuo vya kufundisha lugha ambazo hapo kwanza hazikuwa zikifundishwa sana, na Kiswahili kikawa mojawapo. Mwaka 1961 ilifuata sheria ya Fulbright-Hays, ambayo kwayo hata mwalimu wa shule ya kawaida, asiyekuwa profesa wala mtafiti, aliweza kulipiwa safari ya majuma kadhaa katika nchi ya mbali pamoja na wenzake, akarudi na masomo mapya ya kuwafundisha watoto wa kwao. Vyuo vilivyopewa fedha vilitakiwa pia kuwahudumia walimu wa shule zilizo karibu navyo kwa semina, vitabu na kozi za likizo. Mtu anaweza kuibeza asili ya jambo hili, lakini matunda yake hayabezeki. Vizazi viwili vya wanafunzi wa Kiswahili ng'ambo vimelelewa humo. Tena ni neema isiyo na hakika, kwani mwaka 2025 mashindano ya kuomba fedha za Fulbright-Hays yalifutwa, na waliokwisha kufunga mizigo wakaifungua.

Huku kwetu mlango wa wageni katika Mkoa wa Mara ulikuwa Makoko, kando ya ziwa, mjini Musoma. Mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani walifika katika sehemu hizi mwaka 1946, na baadaye ikaanzishwa hapo shule ya lugha kwa wamisionari na wageni wengine waliotaka kukijua Kiswahili kabla ya kwenda kazini. Wanaoijua kazi ya kufundisha lugha wataona mara moja jambo la ajabu katika uchaguzi wa mahali penyewe. Musoma si Lamu wala Unguja. Mgeni aliyetoka darasani jioni alisikia sokoni Kijita, Kikwaya, Kikurya na Kijaluo, na Kiswahili alichosikia kilikuwa Kiswahili cha watu ambao karibu wote walikipata baada ya lugha ya mama. Wengine wangesema hiyo ni kasoro. Mimi nasema kwamba mgeni huyo alijifunza tangu siku ya kwanza jinsi Kiswahili kinavyoishi katika sehemu kubwa ya Tanzania, yaani pamoja na lugha nyingine, kikizipa na kupokea.

Mwenyeji wake je? Katika elimu ya namna hii mwenyeji ndiye aulizwaye, na mgeni ndiye aandikaye. Mwalimu wa kijijini hutoa maneno, hueleza mila, hutafsiri maneno ya wazee, kisha daftari huondoka na mgeni. Sisemi kwamba mgeni ametenda ubaya. Aghalabu yeye ndiye pekee aliyeuliza. Nasema tu kwamba mwalimu aliyeulizwa hakufundishwa kuuliza.

Mfano ulio karibu na jarida la namna hii ni wa Wilfred Whiteley, aliyekuwa katibu wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki ilipokuwa Makerere, na baadaye profesa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengi wamkumbuka kwa kazi zake za Kiswahili. Wachache hukumbuka kwamba tasnifu yake ya mwaka 1955, katika Chuo Kikuu cha London, ilihusu kitenzi cha Kikurya. Mtu aliyeshika usukani wa uchunguzi wa Kiswahili alikuwa amejifunza kazi yake katika lugha ya Mara.

Wala si ajabu, maana mkoa huu ni hazina kwa mwenye kuchunguza lugha. Ziko humo Kikurya, Kizanaki, Kiikizu, Kingoreme, Kisimbiti, Kikabwa, Kiikoma, Kijita, Kikwaya, Kiruri na nyinginezo za Kibantu, na pamoja nazo Kijaluo na Kitaturu, ambazo si za Kibantu kamwe. Kijita na jamaa zake wa karibu wana irabu tano kama Kiswahili. Kikurya na Kizanaki wana saba. Kikurya hakina sauti ya l iliyo mbali na r, na ndiyo maana mtoto wa Kikurya huandika "kura" akikusudia chakula, na mwalimu asiyejua sababu humchapia kosa jekundu kila siku bila ya kupata nafuu. Hapo ndipo maarifa ya nchi yanapoacha kuwa pambo la wanachuoni. Mwalimu ajuaye kwamba lugha ya mama ya mwanafunzi haitengi sauti hizo mbili atatunga zoezi la kuzitenga, la kusikia kwanza na kuandika baadaye. Asiyejua atadhani mtoto ni mzembe.

Tena kuna jambo la kiambishi cha kitenzi-jina. Katika Kikurya oko- hugeuka kuwa ogo- kama mzizi unaofuata unaanza kwa t au k. Wataalamu huiita Kanuni ya Dahl, kwa jina la Edmund Dahl, mmisionari Mjerumani aliyeitambua katika Kinyamwezi. Carl Meinhof ndiye aliyeipa jina lake. Dahl hakuwa profesa. Alikuwa mtu aliyekaa kijijini, akajifunza lugha ya majirani, akasikia kitu kinachorudia na kukiandika. Walimu wa shule za msingi waisikiao kanuni hiyo katika viwanja vya michezo ni wengi sana, na Dahl wao bado hajatokea, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba wanachokisikia kina thamani.

Mwalimu mmoja wa Mara, hata hivyo, aliipitia njia hii yote kwa miguu yake mwenyewe. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Mwaka 1934 alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, na huko mtoto aliyelelewa kwa Kizanaki akaingia katika elimu ya Kiswahili. Akaenda Tabora, kisha Makerere toka 1943 hadi 1945, alikopata cheti cha ualimu, akafundisha Tabora, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh. Miongoni mwa masomo aliyoyasoma huko lilikuwamo elimu ya jamii na mila za watu. Na msomaji alifikirie jambo hili kidogo: mtoto wa mtemi wa Kizanaki ameketi katika darasa la Uskoti akifundishwa namna ya kuwachunguza watu kama baba yake. Alirudi mwaka 1952, akafundisha Pugu, na kazi hiyo aliiacha mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Lakini kazi ya kuleta maarifa ya nchi nyingine nyumbani hakuiacha. Tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare ilitoka mwaka 1963 na kusahihishwa mwaka 1969, mwaka uleule ilipotoka Mabepari wa Venisi. Elimu ya ng'ambo ilikuwa imemfanya akitumikishe Kiswahili kazi ambayo wengine walidhani hakiiwezi. Hii ndiyo kozi ya kujiendeleza yenye faida, ijapokuwa serikali yoyote haiwezi kumpeleka kila mwalimu Edinburgh.

Serikali ilifanya jambo la namna nyingine, nalo pia lina jina la mkoa huu. Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kutoa azimio kwamba watoto wote wa rika la shule wapate elimu ya msingi ifikapo 1977. Walimu hawakuwapo. Ndipo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundisha huku wanafundishwa, kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa msaada wa waratibu wa elimu wa kata, mpaka wakahitimu. Zaidi ya 35,000 walipatikana kwa njia hiyo. Walidharauliwa sana, na jina la "walimu wa UPE" likawa kama tusi. Dharau hiyo siiungi mkono, kwani bila wao shule nyingi za Mara zingekuwa kuta tupu. Upungufu ulikuwa katika masomo waliyopelekewa. Yalitungwa mahali pamoja kwa ajili ya nchi nzima, na kijana aliyefundisha watoto wa Kikurya hakupata neno moja juu ya Kikurya.

Je, upungufu huo umeondolewa? Kwa sehemu. Toka 2014 hadi 2020 Mara ilikuwa katika mikoa ya mpango wa EQUIP-Tanzania, uliogharimiwa na Uingereza, ambao ulishughulika na kusoma kwa watoto wa madarasa ya chini na kuwaandaa wale wasiosema Kiswahili nyumbani kabla hawajaanza darasa la kwanza. Sasa kuna Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaitwayo kwa kifupi MEWAKA, ambayo walimu wa shule moja hukutana humo na kujadiliana juu ya ugumu wa kazi yao. Katika utaratibu huo mwalimu haitwi mbali, wala hangoji mkufunzi kutoka mjini. Mitaala ya mwaka 2023 nayo imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili hata katika sekondari. Mwalimu wa somo hilo ahitaji habari za mahali alipo, na kitabu kimoja cha taifa hakiwezi kumpa zote.

Kwa walimu vijana upo pia mpango wa Fulbright ambao umekuwa ukiwachukua Watanzania kwenda kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, huku wenyewe wakisoma. Ni nafasi njema, lakini ni ya wachache mno kwa nchi nzima, na aliye Bunda huipata habari yake mwisho, kama aipata.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Chuo cha Ualimu kipo Bunda. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yapo Butiama tangu 1999. Umbali kati ya sehemu hizi na Musoma ni safari ya basi ya asubuhi. Katika likizo ya Juni walimu ishirini wakutane Bunda kwa majuma mawili: la kwanza wajifunze kusikiliza na kuandika sauti, kuuliza wazee na kuweka daftari lenye tarehe na jina la mahali, la pili waende Butiama na vijijini mwao wakafanye hivyo. Wanafunzi wageni wa lugha watakaokuwa mkoani wakati huo waketi nao darasa moja, wakiuliza na kuulizwa. Madaftari yakinakiliwa, nakala moja ikae Bunda, moja iletwe Dar es Salaam, na ile ya asili arudi nayo mwalimu aliyeiandika.