Njoro: Nyasi Tele, Mifugo Ikakonda

Mwaka wa 1903, serikali ya kikoloni ilimpa Lord Delamere, mlowezi kutoka Uingereza, ekari 100,000 za ardhi Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Nyasi zilikuwa tele, hewa ilikuwa ya baridi na reli ilikuwa tayari imepita Nakuru. Kwa macho, ardhi hiyo haikukosa kitu.

Hata hivyo, kondoo na ng'ombe wake walikonda na kufa wakiwa katikati ya malisho. Wafugaji wa Kimaasai walilijua eneo hilo na hawakuwa wakikaa humo na mifugo kwa muda mrefu. Ujuzi huo haukuzingatiwa, na kufuatia mkataba wa 1904 Wamaasai wengi waliondolewa katika Bonde la Ufa.

Miaka mingi baadaye, wanasayansi waligundua kwamba udongo wa sehemu hizo una upungufu wa madini ya kobalti. Ng'ombe na kondoo huhitaji kobalti kidogo sana, lakini wakiikosa, vijidudu vya tumboni mwao haviwezi kutengeneza vitamini B12. Mnyama hupoteza hamu ya kula, hukonda na hatimaye hufa, hata nyasi zikimfika magotini.

Delamere aligeukia ngano. Udongo ulikubali, lakini ugonjwa wa kutu ukaharibu mazao. Tatizo hilo lilichangia kuanzishwa kwa kituo cha utafiti wa mimea Njoro mwaka wa 1927. Kituo hicho, ambacho sasa kiko chini ya shirika la KALRO, kingali kinapima aina za ngano zinazostahimili kutu, zikiwemo zinazotoka nchi nyingine.

Historia hii ina funzo kwa mkazi anayenunua au kukodisha shamba leo. Rangi ya udongo na wingi wa nyasi havitoshi kuonyesha ubora wa ardhi. Kabla ya kulipa, waulize majirani ni nini kimewahi kustawi hapo na ni nini kilishindikana. Chukua udongo kutoka sehemu kadhaa za shamba, uchanganye, kisha upeleke sampuli ikapimwe kwenye maabara. Wafugaji nao wanashauriwa kuwapa mifugo chumvi yenye madini na kumwona afisa wa mifugo wa wadi mapema, mnyama anapoanza kukonda bila sababu inayoonekana.