Mwalimu Mgeni Kati Yetu: Maisha ya Anayefundisha Kiingereza Kakuma



Katika mikutano ya vikundi kuna swali ambalo limekuwa likirudi, hasa kutoka kwa akina mama wanaopeleka samaki mkavu Kakuma. Wanauliza: wale walimu wa kambini ni wageni, si Wakenya wala si Wazungu, sasa inakuwaje wao ndio wafundishe watoto Kiingereza? Na kwa nini hawakai? Leo mtoto ana mwalimu huyu, muhula ujao ana mwingine. Ni swali zuri, na jibu lake linatuhusu sisi wenyeji kuliko tunavyodhani.

WALIMU HAWA NI AKINA NANI?

Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, walipofika vijana wengi wa Sudan waliokimbia vita. Wengi wao walikuwa wametembea kupitia Ethiopia bila wazazi. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Mwaka 2016 yalifunguliwa makazi ya Kalobeyei, kwa mpango kwamba wakimbizi na wenyeji watumie pamoja shule, zahanati na maji.

Shule zote hizo zinafuata mtaala wa Kenya, na mitihani mingi ni ya Kiingereza. Wanafunzi ni maelfu kwa maelfu, na walimu Wakenya waliosomea kazi hiyo hawatoshi. Kwa hiyo walimu wengi ni wakimbizi wenyewe. Wako waliokuja wakiwa watoto, wakasoma hapo hapo Kakuma, wakamaliza kidato cha nne, kisha wakapewa chaki.

Vijana wetu wengine wanasikia habari za watu wanaokwenda China kufundisha Kiingereza. Tulinganishe kidogo. Mgeni anayefundisha China kwa kufuata sheria amekwenda kwa hiari yake, ana paspoti, kibali cha kazi na mkataba, na mara nyingi shule inampa nyumba au pesa ya nyumba. Tena kwa kawaida wanataka mtu wa nchi ambako Kiingereza ni lugha ya kuzaliwa, kama Uingereza au Marekani. Hata Mkenya mwenye digrii anapata shida kukubaliwa, kwa hiyo kijana akiahidiwa kazi hiyo na wakala, achunguze kwanza kabla mbuzi hawajauzwa.

Kakuma mambo ni kinyume. Mwalimu hakuchagua kuja, vita ilimleta. Na Kiingereza pengine alikipata baada ya kuwa mkimbizi. Mkongo na Mrundi kwao walisoma kwa Kifaransa. Basi mwalimu wa namna hiyo usiku anajifunza, na asubuhi anafundisha.

SIKU YAKE INAVYOKWENDA

Asubuhi ni maji kwanza. Bomba linafunguliwa kwa saa zake, na jerikeni zimepangwa foleni. Mwalimu hana bomba lake, anapanga kama wengine. Akichelewa foleni, anachelewa darasa.

Darasani anakuta watoto ambao mara nyingi wanapita mia moja, na kitabu kimoja kwa watoto wengi. Joto la mabati mnalijua. Lakini ugumu mkubwa zaidi ni lugha. Akitaka kufundisha neno la Kiingereza la maji, anainua chupa ya maji juu. Mturkana anasema ngakipi, Msomali anasema biyo, Mdinka anasema piu, na Mkongo anasema mayi. Hapo ndipo wote wanafundishwa neno moja la kuwaunganisha. Hiyo ni kazi ya uvumilivu, si ya kusoma kitabu tu.

Mwalimu Mkongo ana jambo lingine. Yeye anajua Kiswahili, lakini ni Kiswahili cha kwao. Kwake shule ni masomo, na pesa ni franga. Watoto wanacheka, na watu wazima sokoni wanacheka pia. Kicheko kidogo si vibaya, lakini mtu akichekwa kila siku anaanza kunyamaza, na mwalimu akinyamaza hasara ni ya darasa.

Jioni kuna madaftari ya kusahihisha, mengi ajabu, kwa tochi au taa ya sola. Kuna kupika pia, na hapo ndipo anapokutana na sisi. Kuni ananunua kwa akina mama wa Kiturkana, na samaki wa ziwa letu vilevile anaweza kumnunua. Pesa ikiwa haijafika anaomba kukopa, jina linaandikwa kwenye daftari la duka.

MBONA HAWAKAI?

Sababu ya kwanza ni malipo. Mwalimu mkimbizi kwa kawaida hapati mshahara, anapata kitu kinachoitwa insentivu, yaani posho ndogo ya kumtia moyo. Walimu wawili wanaweza kuwa shule moja, wakifanya kazi moja, mmoja ana mshahara na mwingine ana insentivu iliyo chini sana. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, lakini karatasi zenyewe kuzipata si rahisi.

Sababu ya pili ni chakula. Mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipungua sana na mgao ukakatwa. Tangu Agosti mwaka huo familia ziligawanywa katika makundi, wengine wakapata kidogo na wengine wakakosa kabisa. Mwalimu mwenye njaa anatafuta kazi yoyote nyingine, kama vile kutafsiri au kufungua kibanda.

Sababu ya tatu ni kufungika. Mkimbizi hawezi kutoka Kakuma hivi hivi, anahitaji pasi ya kusafiri. Kakuma mpaka Lodwar ni kama kilomita 120, na kutoka hapo mpaka Kalokol ni kama 60. Mwalimu anaweza kufundisha neno la ziwa miaka kumi bila kuliona Ziwa Turkana hata siku moja. Ndiyo maana nafasi ya kwenda nchi nyingine ikipatikana, hangoji muhula uishe. Na anayeumia zaidi ni mtoto wa mtihani.

MALALAMIKO YETU NAYO

Tusijifiche. Wenyeji tuna malalamiko ya kweli kuhusu kuni, ardhi, maji na kazi. Yana mahali pake: baraza la chifu, kamati za shule, wawakilishi wa wadi. Lakini mwalimu mmoja mwenye chaki si yeye aliyepanga mambo hayo. Katika Kiturkana neno emoit lina maana ya adui, na pia mtu wa kabila geni. Tujiulize kama linamfaa mtu anayemfundisha mtoto wetu kusoma.

Na wa Longech wasiseme habari hii ni ya Kakuma tu. Mwalimu anayeletwa kwetu kutoka "down Kenya" naye ni mgeni. Hajui lugha, hajazoea joto, maji ya ziwa ni ya chumvi chumvi kwake, na ziwa lilipopanda kufika kwetu kukahitaji mashua. Akiomba uhamisho baada ya mwaka mmoja tunasema hana moyo. Je, sisi tulimpa nini cha kumshika?

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Insentivu hatuwezi kuipandisha, wala sheria hatuwezi kuiandika. Lakini haya tunaweza:

1. Maji. Kukubaliana kwamba siku za shule jerikeni ya mwalimu ijazwe mapema. Haigharimu kitu.
2. Lugha. Kumfundisha maneno kumi ya Kiturkana kila wiki, kuanzia salamu. Mtoto au mama yeyote anaweza.
3. Bei. Tusimuuzie mgeni kwa bei nyingine. Kama kikundi kinakopesha, kiwe na kiwango na tarehe ya kulipa, ili urafiki usivunjwe na deni.
4. Kamati ya shule. Kuwe na mwenyeji na mkimbizi ndani yake, na akina mama pia, ili mgogoro umalizwe mezani.
5. Walimu wa kike ni wachache, na wasichana wanawahitaji. Mama mwalimu akipata mtu wa kumlelea mtoto mchana, anaweza kuendelea na kazi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe analo tayari, ni ile chaki. Kilichobaki ni kumpa sababu ya kulima hapa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

- Katika shule yetu, mwalimu wa mwisho kuondoka aliondoka kwa sababu gani? Nani alimwuliza?
- Ni jambo gani moja kati ya haya matano tunaloweza kuanza muhula ujao bila pesa?
- Nani atalisimamia, na tutalipima lini?

Andikeni majibu yenu, mtume kwa katibu wa kikundi. Tutayazungumza tukija kuwatembelea.