Halali Haiishii Kwenye Kisu

Mwezi huu tunazungumzia nyama, maana familia za Kiislamu hapa kambini zinauliza: nyama tuliyonunua Kigali, ikifika huku bado ni halali?

Kuipata si shida. Rwanda kazi ya kuchinja iko mikononi mwa Waislamu toka zamani, na Nyamirambo au Biryogo utapata bucha ya kuaminika. Shida inaanza ukishalipa. Pale Nyabugogo nyama inaingia basini, inabanwa na mzigo wa mtu aliyebeba akabenzi. Ikifika, inalala kwenye frigo ya mwenye duka, nayo frigo haichagui. Maji ya nguruwe yakidondokea nyama yetu, imeshapata najisi. Na ile kilo moja tumeibana kutoka kwenye pesa ya chakula ya mwezi mzima!

Wazazi, tufanye hivi:

- Tubebe ndoo yenye mfuniko unaobana. Sashe za plastiki zimekatazwa Rwanda toka 2008, na mfuko wa karatasi unalowa.

- Tununue mwisho kabisa, kabla ya basi. Nyama mbichi isikae bila baridi zaidi ya saa 2. Joto likiwa kali sana, saa 1. Safari ikizidi hapo, tutafute barafu, au ndugu wa Kigali aitie chumvi aikaushe kabisa. Au tulete kuku hai, achinjwe hapa. Huyo haozi njiani.

- Kwenye frigo, yetu ikae juu, ndani ya chombo kilichofungwa, ya wengine chini. Baridi iwe nyuzi 4 au chini yake.

- Kwa mchoma brosheti, tuulize kwa upole kama kisu na wavu ni vya nyama zote.

Tukumbuke, Kurani (Al-Baqara, aya ya 168) inataja halali pamoja na kizuri. Nyama iliyooza, hata ikichinjwa vizuri namna gani, tusiwape watoto.

Na ikiguswa na nguruwe, tusikimbilie kutupa. Tumuulize imamu kwanza: kwa madhehebu ya Shafii, kitu kama hicho huoshwa mara 7, moja kwa maji yenye udongo.

Mwisho, tusigombane na mwenye frigo. Anatusaidia. Tumweleze tu, tena tumpelekee chombo chetu wenyewe.