Marashi na Ngozi: Yaliyomo Ndani ya Chupa

Itetemia, iliyokuwa makao ya watemi wa Unyanyembe, leo ni kata ya Manispaa ya Tabora. Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Unyanyembe. Wapagazi walipandisha nguo na ushanga, wakateremsha pembe za ndovu. Desturi za pwani zilifuata njia hiyohiyo, na hadi leo udi, marashi ya waridi na mafuta ya karafuu si vitu vigeni Tabora. Makala hii inaeleza yaliyomo ndani ya marashi kwa sababu moja: anayewashwa shingoni kwa miezi mingi hatapona iwapo kinachomdhuru hakijajulikana.

Mtengenezaji wa marashi hupanga harufu kwa kadiri zinavyoruka hewani. Za kwanza ni nyepesi: machungwa, ndimu, mchaichai. Hizi hutoweka upesi. Hufuata za kati, yaani waridi, asumini, langilangi, karafuu na mdalasini, ambazo hudumu kwa saa kadhaa. Mwisho ni nzito zikaazo hata siku nzima: sandali, udi, vanila na miski, ambayo siku hizi aghalabu hutengenezwa kiwandani. Hata nta ya nyuki, zao mashuhuri la misitu ya miombo ya Tabora, hutoa kiini chenye harufu ya asali kitumiwacho katika manukato.

Kila harufu ina kemikali zake. Maganda ya machungwa yana limonini. Waridi lina jeranioli. Mdalasini una sinamali. Karafuu ina eujenoli, ileile itumiwayo na madaktari wa meno. Baadhi ya kemikali hizi huweza kuleta mzio wa ngozi, hata zikitoka katika ua au gome la mti. Kitu kuwa cha asili si dhamana ya usalama.

Mzio huu huja polepole. Kemikali hupenya ngozi, hushikamana na protini, na kinga ya mwili huitambua kuwa adui. Mara za kwanza mtu haoni lolote. Baadaye, kila anapojipaka, upele hutokea baada ya siku moja hadi tatu. Ndiyo maana wengi husema, “Marashi haya nimeyatumia miaka mingi, hayawezi kuwa ndiyo.” Yanaweza.

Mhudumu wa afya aangalie mahali pa upele: shingoni, nyuma ya masikio, kwenye vifundo vya mikono, kwapani. Katika ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane. Dalili ni mwasho, ukavu, magamba, malengelenge au weusi uliozidi. Hali hii hudhaniwa kuwa fangasi, na mgonjwa hubadilishiwa dawa bila nafuu. Aulizwe kuhusu marashi, sabuni, losheni, mafuta ya nywele na kiondoa harufu ya kwapa. Tofauti na mzio ni madoa meusi yenye umbo la matone yaliyotiririka, yatokeayo juani baada ya ngozi kuguswa na maji ya ndimu au mafuta ya bergamoti.

Tiba ya kwanza ni kuacha vyote vyenye harufu kwa wiki kadhaa. Krimu ya kutuliza uvimbe wa ngozi itumike kwa maelekezo ya mhudumu. Tatizo likirudi, mgonjwa apelekwe kwa bingwa wa ngozi. Huko, vibandiko vyenye kemikali mbalimbali huwekwa mgongoni kwa saa 48, kisha ngozi husomwa na kusomwa tena baada ya siku nyingine mbili. Akishajua jina la kemikali, mgonjwa ataweza kuiepuka.

Soma lebo. Tangu mwaka 2005 sheria za Umoja wa Ulaya ziliwataka watengenezaji kuandika majina ya viambato 26 vya harufu vinapozidi kiwango kilichowekwa, na orodha hiyo imeongezwa mwaka 2023. Chupa ndogo za sokoni zisizo na lebo hazimpi mnunuzi nafasi hiyo.

Mwenye ngozi yenye mzio si lazima aage manukato yote. Akijua adui yake, atachagua yasiyo na kemikali hiyo. Asiyejua bado, aache kwanza, na aje kituoni na chupa zake zote.