Mwanaakiolojia Hutangulia Tingatinga
Tabaka la udongo lenye vigae, zana za mawe au makaburi ya kale likishavurugwa na tingatinga, halirudi tena. Ndiyo maana nchini Tanzania tathmini ya athari kwa mazingira, inayotakiwa na Sheria ya mwaka 2004 kabla ya ujenzi wa miradi mikubwa, hugusa pia urithi wa utamaduni. Hapo ndipo ajira ya mwanaakiolojia inapopatikana.

Kijana anayeikusudia kazi hiyo huanza na shahada ya akiolojia, inayotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha hujizoeza uchimbaji, uchoraji wa ramani na uandishi wa taarifa. Uchimbaji huhitaji kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Taarifa yake husaidia kuamua iwapo barabara ipite, ikwepeshwe au isubiri mabaki yaokolewe.