Safari ya Ndege kutoka Kinshasa mpaka Lubumbashi

Kinshasa na Lubumbashi ni miji mikubwa ya Kongo, lakini imeachana sana. Kinshasa iko magharibi, kando ya mto mkubwa. Lubumbashi iko kusini-mashariki, katika Katanga, karibu na mpaka wa Zambia. Mwaka 1928 reli ya Katanga ilifika bandari ya Ilebo. Tangu hapo msafiri aliweza kupanda treni mpaka Ilebo, kisha mashua kubwa ikamshusha kwa mto Kasai na mto Kongo mpaka Kinshasa. Safari hiyo ilikula siku nyingi.

Ndege haifuati reli wala mto. Inapita juu ya misitu na mabonde, karibu kama uzi uliovutwa. Kutoka kiwanja cha N'djili, huko Kinshasa, mpaka kiwanja cha Luano, huko Lubumbashi, ni kilometa 1,550 hivi. Ndege kubwa ikiisha kupanda juu, inakimbia kilometa 800 na zaidi kwa saa moja. Gawanyeni 1,550 kwa 800: jibu halifiki mbili. Lakini ndege haina mbio hizo tangu mwanzo. Inapoondoka inapanda kwanza, na inapokaribia kushuka inapunguza mbio. Tena upepo wa mbele huichelewesha. Kwa hiyo watu huhesabu masaa mawili, au kupita kidogo.

Basi, mtu anaondoka N'djili saa nne ya asubuhi. Atafika saa ngapi? Mtoto atajibu upesi: saa sita. Saa ya mkononi ya msafiri inasema vile vile. Lakini saa ya ukutani huko Luano inaonyesha saa saba! Hakuna saa iliyoharibika. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo watu wa mashariki wanaliona jua kwanza. Nayo Kongo ni pana: upande wa mashariki saa zao ziko mbele kwa saa moja.

Wakati wa kurudi, hesabu inageuka. Mama mzee anaondoka Luano saa tisa. Mwana wake huko Kinshasa anaongeza masaa mawili, anakwenda kumpokea saa kumi na moja. Kumbe ndege imetua saa kumi! Mama amesimama peke yake saa nzima na mizigo yake, katika mji asioujua. Mwana alipaswa kuondoa saa moja kwanza, kisha kuongeza mbili.

Kutoka Brussels, katika Ubelgiji, mpaka Kinshasa ni mbali zaidi: kilometa 6,200 hivi, karibu masaa manane angani. Lakini wakati wa baridi ya Ulaya msafiri hagusi saa yake hata kidogo, kwa sababu ndege imetoka kaskazini kwenda kusini. Wakati wa joto tu anairudisha nyuma saa moja, maana Wabelgiji huzisogeza saa zao mbele.