Gharama ya Ukame Nkololo

Mvua inapokatika Nkololo, wilayani Bariadi, mara tu pamba imekwisha ota, mkulima hupanda upya, na pengine mara ya tatu, na mbegu na dawa zikiwa za mkopo, deni hilo hukatwa katika mauzo yake. Na mvua isiporejea, humtoa ng'ombe zizini na kumswaga mnadani, ambako jirani zake wamekwisha mtangulia na mifugo iliyokonda, hata bei ya mnyama ikaanguka katika majuma yale yale bei ya mahindi inapopanda. Gharama hiyo hulipwa bila ya stakabadhi, wala haiandikwi katika hesabu ya mtu yeyote.

Wapo wasemao kwamba akaaye mahali pa hatari na aibebe dhima yake, ama ahame. Rai hiyo ina sura ya insafu, lakini haikutazama tarikhi. Wasukuma, ambao ndio wenyeji wa huku, wamehama miaka mingi na mifugo yao, kwenda Geita, Rukwa, hata bonde la Usangu. Na tangu mwaka 2006, Serikali ilipowaondoa wafugaji Usangu ili kuyanusuru maji ya Mto Ruaha Mkuu, wengi walielekezwa Lindi, mbali sana na kwao, na huko nako wakagombea ardhi na wakulima waliowakuta.

Waliobaki hawakukaa bure. Bariadi ilipokuwa ingali mkoani Shinyanga, kabla Mkoa wa Simiyu haujaundwa mwaka 2012, mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliwahimiza wenyeji kufufua desturi yao ya ngitili, yaani malisho yanayofungwa masika ili yafunguliwe kiangazi; na mkoani humo ngitili zikaongezeka kutoka hekta zipatazo 600 hadi kupita 300,000. Mfugaji azuiaye ng'ombe wake wasiguse majani mabichi anayoyaona kwa macho amekwisha toa fungu lake.

Lakini ngitili haileti maji. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha ruzuku ya zaidi ya yuro milioni 100 ili maji ya Ziwa Victoria yafikishwe Simiyu. Wengine huiita hisani. Mimi naiona ni haki, kwa kuwa moshi uliolitia joto anga haukutoka katika mashamba ya pamba ya Bariadi.

Serikali nayo, ambayo hupata fedha za kigeni kwa pamba hiyo mvua inaponyesha, haina hoja ya kujitenga isiponyesha. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imekwisha weka mfuko wa maafa. Basi fedha za umma na zimfikie mkulima kabla hajauza ng'ombe wake wa mwisho, kwa kumlipia sehemu ya ada ya bima ya mazao, na kwa kusitisha makato ya mkopo wa pembejeo mwaka ambao mbegu zimekaukia udongoni.